Maswali ya wasomaji: Tumefungwa 16 na Simba na Yanga, bado niishangilie Dodoma Jiji?

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi msomaji wako wa Nkuhungu hapa Dodoma, nauza mboga soko la Majengo na ni shabiki wa Dodoma Jiji tangu ipande ligi kuu 2020, sijawahi kuwa Simba wala Yanga na watu nikiwaambia hawaamini. Sasa kaka huu msimu wa 2024/25 umeniumiza sana, Simba katufunga nje ndani, moja hapa uwanja wa Jamhuri halafu sita kule Dar, Yanga nao wakatupiga nne siku ya Krismasi tena nyumbani kwetu na juzi wakatupa mkono, yaani bao tano, kule Zanzibar. Mechi nne bao 16, sisi hata la kufutia machozi hatuna. Nikipita sokoni wananionyesha vidole sita. Je timu yetu ni mbovu kweli au mimi ndo sielewi mpira? Mdogo wangu ananiambia nihamie Yanga nipumzike.

JIBU: Dada pole sana, na hiyo pole najipa na mimi maana siku ile ya Krismasi nilikuwepo Jamhuri, nimekaa mzunguko na jezi yangu, kulia kwangu Yanga kushoto Yanga, na sio wageni walioshuka na SGR, ni watu wa hapahapa, majirani wa Chang'ombe na Ipagala, bao likiingia wanaruka wananikanyaga miguu. Nilitoka pale sijaongea na mtu mpaka nyumbani.

Timu yetu sio mbovu. Ina tatizo na nitalisema, ila hizo 16 unazozihesabu zimekuziba macho usione zingine. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, toa hizo nne zinabaki 26, yaani pointi 78, na timu kama yetu inaishi kwa hizo. Kagera Sugar na KenGold wameshuka kwa sababu ya walivyocheza na wenzao wa saizi yao, sio kwa sababu ya Simba na Yanga. Prisons nao walikula tano za Yanga pale kwao, uwanja wa Sokoine Mbeya, siku chache tu kabla yetu. Sisi tumebaki ligi kuu bila hata kugusa mchujo, zile mechi za kuamua nani ashuke, na hii ni timu ya halmashauri dada, haina mfuko wa kushindana na Simba na Yanga wa Kariakoo kwenye usajili, kila senti inapimwa.

Halafu hiyo sita wanayokuonyesha vidole, naomba siku nyingine uwajibu. Tarehe 10 Februari vijana walikuwa wanarudi kutoka Ruangwa, wametoka droo ya 2-2 na Namungo, pointi nzuri kabisa ya ugenini, basi lao likaacha njia kule Somanga likaingia mtoni. Wachezaji wakaumia, tukamshukuru Mungu hatukuzika mtu. Mechi ya Simba ilitakiwa ichezwe siku chache baadaye ikabidi iahirishwe, ikawa kiporo, ikaja kuchezwa tarehe 14 Machi pale uwanja wa KMC, Dar. Mwezi mmoja tu! Mtu ametoka kwenye basi lililozama mtoni, anapanda tena basi, anaenda kumkaba Simba anayetafuta ubingwa. Mimi ile sita sijawahi kuilaumu na sitakuja kuilaumu, na inaniuma kuona watu wa mji huuhuu wanaichekea.

Nne ya Krismasi na tano ya Zanzibar hizo siwezi kuzitetea. Ndo tatizo lenyewe lilipo. Sisi tukifungwa la kwanza tunachanganyikiwa, mabeki wa pembeni wanapanda kutafuta la kusawazisha na nyuma yao hakuna wa kuziba, kiungo anabaki peke yake katikati, na timu kama Yanga iliyobeba ubingwa mara nne mfululizo ukiipa hiyo nafasi haikuachii mbili, inakumaliza. Kumbuka Simba ya Septemba hapa nyumbani, tulikaa nyuma kwa nidhamu, mistari imebanana, wakatufunga kwa penati tu, moja bila. Wachezaji wetu wengi ni walewale, tofauti ni kukubali kwamba kufungwa moja sio msiba na kuendelea na mpango hadi filimbi. Hapo ndo nataka benchi la ufundi lianzie kabla hata ya kuongea habari za straika mpya.

Kuhamia Yanga dada usihame, nakuomba. Jamhuri inajaa zikija hizo mbili tu na inajaa jezi zao. Akija Mashujaa au Namungo jukwaa linakuwa na mapengo mpaka unasikia kocha anavyofoka, na hizo ndo mechi za kutubakiza ligi kuu, ndo vijana wanahitaji sauti. Wewe uko pale kwenye hizo mechi, na mtu kama wewe akiondoka pengo lake linaonekana kabisa.

SWALI: Kaka hiyo mchujo unaoandika kila siku inakuaje? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Wawili wa mwisho, wa 15 na wa 16, wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza wenyewe kwa wenyewe nyumbani na ugenini, anayeshinda anabaki, anayefungwa anaenda kukutana na timu ya Championship, ligi iliyo chini ya ligi kuu, kugombea nafasi. Msimu wa 2024/25 ilikuwa Prisons na Fountain Gate, Prisons akapita, Fountain Gate ikabidi amtoe Stand United ndo na yeye akabaki. Ni mechi za presha mbaya sana, usiku hulali.

Na Kondoa sio mbali ndugu yangu, barabara ni lami. Msimu ukianza njoo Jamhuri, ila njoo siku ambayo sio ya Simba wala Yanga.