Kuhusu yule jitu wa Uganda

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama umwambie mjukuu wangu kwamba mieleka anayoitazama kwenye simu ni maigizo, na kama sisi enzi zetu tulijua. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze kuhusu mwanamieleka aliyeitwa Kamala.

Banda la video la Majengo unalikumbuka, na unakumbuka baba yako mkubwa alivyokuwa tangu arudi kutoka vita ya Kagera, tulipopigana na Idi Amin. Akilala hakuna anayemgusa kumwamsha. Tulikuwa tunamwita tukiwa mlangoni. Usiku ule nilimbembeleza mwenyewe twende naye, atoke nje kidogo. Mkanda wa mieleka ukawekwa. Akatokea jitu pekupeku, uso umepakwa rangi, tumboni kachorwa nyota na mwezi, mkononi mkuki. Mimi ndiye nilikuwa natafsiri, maana Kiingereza cha kidato cha nne kilinitosha. Nikatangaza kwa sauti kubwa: huyu anatoka Uganda, alikuwa mlinzi wa Idi Amin!

Kijana mmoja akageuka nyuma: "Mzee, huyu kule hamkumkuta?" Banda zima likacheka. Baba yako mkubwa akainuka, akakung'uta suruali, akatoka. Sikumfuata. Nilitaka kuona pambano linaishaje. Hatukulizungumza mpaka tunamzika.

Sasa sikiliza. Yule mtu Uganda hakutoka. Aliitwa James Harris, kazaliwa mwaka 1950 huko Mississippi, Marekani, katika familia maskini. Wakati ule mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa kikanda, kila kanda na bwana wake, na kila bwana alihitaji mtu wa kutisha wa kupambanishwa na shujaa wa nyumbani. Kanda ya Memphis ilikuwa ya Jerry Jarrett. Mwaka 1982 yeye na mwanamieleka Jerry Lawler wakambuni Kamala, na hiyo "Uganda" wakaipigia picha shambani kwa Jarrett, Tennessee. Kampala ilianguka Aprili 1979. Miaka mitatu tu, vita yetu imeshakuwa vazi la ulingoni!

Ninakasirika. Halafu najiuliza, nimkasirikie nani? Harris alikuwa anatafuta riziki. Walimkataza kusema hata neno moja mbele ya watu, akakubali. Na kazi aliijua. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, anayeangushwa ndiye anayebeba pambano. Mtu wa zaidi ya kilo 150 hanyanyuliwi hivi hivi. Anaruka mwenyewe kumsaidia anayemnyanyua, kisha anatua kwa mgongo mzima ili asivunjike. Aliyemwinua anapigiwa makofi. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba hawaumii.

Jarrett naye, basi, niseme alikuwa mbaya? Alimpa Harris jina lililomfikisha kwenye ulingo mmoja na mwanamieleka maarufu Undertaker, uwanja wa Wembley, London, mwaka 1992. Lakini ni jina la kumfanya mnyama. Na ni Memphis hiyo hiyo ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 Sputnik Monroe, mzungu aliyecheza kama mtu mbaya, aligoma kupanda ulingoni mpaka watu weusi waliobanwa kule juu kwenye roshani waruhusiwe kukaa popote ukumbini. Waliruhusiwa. Mji mmoja, mchezo mmoja. Mimi huwa nashindwa kuviweka hivi viwili kwenye mizani moja, na usiku nikikosa usingizi navirudia.

Harris alipotoka ulingoni aliendesha malori. Kisukari kikamla mguu wa kushoto mwaka 2011, wa kulia mwaka uliofuata. Alifariki Agosti 2020. Siku niliposoma habari hiyo nilikaa kibarazani mpaka giza likaingia, na mama yako akadhani nimepata msiba wa ukoo. Sikujua nimweleze nini, kwa sababu niliyekuwa namuwaza pale alikuwa kaka yangu anayekung'uta suruali.

Umeuliza kama ni maigizo. Ningeweza kukuambia ndiyo, na ingekuwa kweli. Ila ulimi unakataa. Anayeangushwa ndiye anayebeba pambano, na usiku ule aliyeangushwa hakuwa ulingoni.

Usimwambie mtoto bado. Likizo mlete hapa Dodoma. Lile koti la jeshi la baba yako mkubwa bado liko sandukuni. Nataka alione kwanza.

Baba yako