Shingo ya baba ilitolewa nini?

SWALI: Baba alipasuliwa saratani ya ulimi. Ripoti yasema tu "upasuaji mpana wa shingo uliorekebishwa". Daktari mwingine auliza kilichotolewa. – Msomaji, Likoni

JIBU: Ana haki kuuliza. Kwa mpangilio wa Marekani wa 1991 wa majina ya upasuaji wa shingo, jina hilo lamaanisha tezi za limfu za kanda 1 hadi 5 (sehemu ambazo madaktari huigawa shingo) zimetolewa, na angalau kimoja kati ya hivi kimebakizwa: msuli mkubwa wa ubavuni mwa shingo, mshipa wa ndani wa jugula (urudishao damu kutoka kichwani), au neva ya aksesori (iendeshayo misuli ya bega). Kipi? Halisemi! Pendekezo la kimataifa la 2011 lataka viandikwe upande, kanda, kisha kila kilichoondolewa. Ombeni ripoti kamili ya upasuaji. Ulizeni neva kwanza: ikikatwa, bega hushuka na mkono hauinuki sawasawa, fiziotherapia isicheleweshwe.