Kadi za marudio kwa Kifaransa na kinanda
Ndugu, umeuliza kama kadi unazokariria msamiati wa Kifaransa zitakufaa pia katika kinanda. Zitakufaa kwa sehemu tu. Utaratibu wa visanduku alioueleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, ambapo kadi uliyoijibu vyema husogezwa mbele ili irudiwe baada ya muda mrefu zaidi, huku uliyoikosea ikirudishwa kisanduku cha kwanza, unafaa kwa mambo ya kukumbuka, kwa mfano kwamba skeli ya D meja (mfululizo wa noti unaoanzia D) ina shapu mbili, yaani noti zilizopandishwa nusu toni: F na C. Vidole, hata hivyo, havifundishwi kwa kusoma. Mimi huandika kwenye kadi, “Piga skeli hii polepole mara tatu,” nami hujipa alama baada ya kupiga, si kabla.