Kizimba Kwanza, Nyoka Baadaye: Maswali na Majibu

Karibu wote mlioandika safari hii hamjawahi kufuga nyoka, na mnawataja nyoka wawili tu: nyoka wa mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, na Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika ya Magharibi na Kati. Hawana sumu, na wakikomaa wengi wao huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Vipimo nilivyotoa hapa ni vya hao wawili. Na kabla hujatoa hela, uliza kama sheria ya unakoishi inaruhusu kufuga nyoka na kama kuna kibali cha kuomba.

Nyoka wangu anakuja Jumamosi. Nikinunua kizimba siku hiyohiyo kuna ubaya?

Upo. Kizimba kinatakiwa kiwe kimewashwa na joto lake limetulia kabla mwenyewe hajafika. Mimi nashauri wiki nzima. Pima joto asubuhi, mchana na usiku, uandike kila unachosoma. Kizimba kinachosoma nyuzi 31 saa nane mchana kinaweza kushuka hadi 25 alfajiri kwa sababu tu chumba kimepoa, na kasoro hiyo ni bora uirekebishe kikiwa kitupu kuliko kuchokonoa nyaya huku mgeni wako amejikunja kwa hofu kwenye kona. Mwombe anayekuletea akuvumilie.

Nasikia nyoka mdogo akiwekwa kwenye kizimba kikubwa anaogopa, anaacha kula. Ni kweli?

Nusu kweli. Kinachomtisha ni uwazi kuliko ukubwa. Sanduku kubwa la kioo lenye bakuli la maji na kijiti kimoja linamfanya ajione yuko uwanjani, anaonekana pande zote. Jaza magome, matawi na majani ya plastiki mpaka aweze kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukatiza mahali peupe, na ukubwa hautamsumbua tena.

Nyoka akinyooka, urefu wa kizimba usipungue wake. Kwa mkubwa wa sentimita 120 tafuta kizimba chenye urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Mtoto anaweza kuanzia kwenye sanduku la plastiki lenye kufuli na matundu ya hewa ubavuni. Halipendezi sebuleni, lakini linafaa.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua kizimba kinachofunguka mbele. Huko porini ndege wawindaji humvamia nyoka kutoka juu, kwa hiyo mkono unaoshuka kutoka juu humshtua hata kama umebeba chakula. Vilevile, mfuniko wa wavu hupoteza joto na unyevu.

Muuzaji kaniambia mkeka wa joto haufiki joto la hatari, hivyo themostati ni kupoteza hela. Nimwamini?

Usimwamini. Mkeka usio na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto lake, unaweza kuzidi nyuzi 40, na nyoka ana tabia moja mbaya: akikuta mahali pa moto hulala palepale, tumbo likiungua taratibu. Utaona magamba ya tumboni yamekuwa ya waridi, kisha ya kahawia, baadaye malengelenge. Hapo ni kwa daktari wa mifugo moja kwa moja, si kumpaka dawa za nyumbani.

Panga hivi. Mkeka ukae upande mmoja tu, uchukue kama theluthi ya sakafu, na ubandikwe chini ya kizimba kwa nje. Kizimba kiinuliwe kidogo ili hewa ipite. Kihisio cha themostati kiguse mahali penye moto zaidi; kikining'inia hewani themostati itadhani kuna baridi na kuendelea kuchochea. Ukitaka kukishikilia, tumia gundi ya silikoni iliyokauka vizuri, au ukipitishe nje. Selotepu usiiingize kabisa ndani ya kizimba: ikimnasa nyoka huondoka na magamba, na kuibandua ni kazi ya nusu saa na mafuta ya kula, taratibu, huku yeye anajinyonga mkononi.

Kwa nyoka wa mahindi lenga nyuzi 28 hadi 30 upande wa joto na 22 hadi 24 upande wa baridi. Kwa chatu ni 31 hadi 33, na 25 hadi 27. Pande hizo mbili ndizo roho ya kizimba chote, maana nyoka hajitengenezei joto la mwili. Akishakula anasogea penye joto ili chakula kisagike, akizidiwa anahamia penye ubaridi. Kizimba chenye joto moja kila kona kimemnyima njia zote mbili, na nyoka aliyeshiba akikaa kwenye baridi anaweza kutapika.

Weka vipimajoto viwili vya dijitali, kimoja kila upande. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani sivipendi, hudanganya. Taa ya joto nayo inafaa, ila iwe na kizuizi cha waya, la sivyo atajiviringisha kwenye balbu. Jiwe la umeme la kupasha joto achana nalo. Balbu nyekundu ya usiku pia si lazima. Nyoka anahitaji giza kama wewe.

Nitandike nini chini?

Mwezi wa kwanza, karatasi nyeupe za kufutia. Kinyesi kinaonekana mara moja, na utitiri, vile vidudu vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu, havina pa kujificha. Baadaye nyoka wa mahindi mpe maranda ya mti wa aspen, kina cha sentimita 5 au zaidi, maana anapenda kuchimba. Chatu mpe chenga za makumbi ya nazi, ambazo hushika unyevu bila kuoza haraka. Maranda ya mwerezi na msonobari yana mafuta makali yanayoumiza mapafu yake, hata kama harufu yake wewe unaifurahia. Mchanga hapana.

Niwaweke wawili wasiwe wapweke?

Hapana. Wakilaliana haina maana kwamba wanapendana, wanagombea sehemu moja yenye joto. Mmoja akitapika au akiharisha hutajua ni yupi. Na nyoka wa mahindi wanaweza hata kumezana.

Mfuniko ni mzito na niliweka vitabu juu. Asubuhi nimekuta kizimba kitupu!

Pole. Uzito haumzuii. Usiku kucha yeye hupitisha pua kwenye ukingo, kona hadi kona, mpaka apate palipolegea, na kichwa kikipita mwili unafuata. Usiku huu funga mlango wa chumba na uzibe chini kwa taulo. Kagua nyuma ya vitu vinavyotoa joto, ndani ya viatu, chini ya kabati. Nyunyiza unga mwembamba sakafuni kandokando ya kuta, utaona alikopita. Usiondoe kizimba wala kukizima, wengine hurudi kwenye joto lao.

Akipatikana, weka vishikizo pande zote, kufuli kwenye vioo vya kuteleza, na uzibe tundu la waya libaki la waya tu.

Amejivua gamba vipande vipande, mengine yamebaki shingoni. Nimbandue?

Usivute. Hiyo ni dalili ya ukavu: chatu anahitaji unyevu wa asilimia 55 hadi 70, nyoka wa mahindi 40 hadi 60. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, kata tundu la kumtosha kuingia, sugua kingo zisikate, tandika ndani karatasi zilizolowa, kiweke karibu na upande wa joto. Ataingia mwenyewe, na gamba litalainika. Kisha lichunguze lililotoka: sehemu ya kichwa inatakiwa iwe na viduara viwili vya macho. Visipokuwepo, huenda vimebaki machoni, na hapo usiguse kitu, mpeleke kwa daktari.

Anajificha mchana kutwa. Nikiondoa mapango si atazoea watu?

Atazoea hofu. Acha mapango mawili, moja kila upande, yawe madogo kiasi cha kumgusa mgongo na mbavu. Lingekuwa moja tu, angelazimika kuchagua kati ya usalama na joto. Atatoka jioni.

Nina mtoto wa miaka 3 nyumbani. Kizimba kikae wapi?

Mbali na jikoni na mahali pa kulia chakula, na kifungwe kwa ufunguo. Nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio huugua zaidi, kwa hiyo mwanao atazame kupitia kioo, asishike nyoka wala vitu vya kizimbani. Wewe nawa kwa sabuni kila unapotoa mkono humo. Bakuli lake la maji badilisha kila siku, na usilioshee kwenye sinki la vyombo. Litengee beseni lake na dodoki lake, uvihifadhi chini ya kizimba ambapo mtoto hafiki.