Mikono ya binti iliposimama: usawa katika ofisi ya wakili

Miaka yangu ya mwanzo katika ofisi ya mawakili nchini Uingereza, nilimpokea mama mmoja kiziwi mwenye shauri la talaka na malezi ya watoto. Nikamwambia aje na mtu wa kumtafsiria. Akaja na bintiye wa miaka 15. Nilipouliza kama mume alikuwa akimpiga, mikono ya yule mtoto ilisimama hewani. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akaiweka mapajani. Siku ile sikupata jibu.

Nilijiona nimemhudumia kama ninavyomhudumia yeyote, na kosa langu lilikuwa hapo hapo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mteja kwa rangi, dini, jinsia na mengineyo, lakini kwa mwenye ulemavu inadai zaidi ya hapo: mtoa huduma afanye marekebisho yanayofaa, kama kumwitia kiziwi mkalimani, tena ayafikirie kabla mteja hajabisha hodi. Kifungu cha 20 kinakataza pia kumtoza gharama ya marekebisho hayo. Mimi, nilipopanga kuita mkalimani kwa kikao cha pili, nilikwisha kuiandika gharama hiyo kwenye makadirio ya ada ya yule mama! Msimamizi wangu aliipiga mstari.

Kwa hiyo, wakili mwenzangu, tenga fungu la wakalimani kwenye bajeti ya ofisi kila mwaka. Simu ya kwanza ikiingia, muulize mteja angependa kuhudumiwa vipi, na jibu lake likae ukurasa wa kwanza wa jalada, hata akikabidhiwa kwa wakili mwingine asianze kujieleza upya.

Kagua pia taratibu zinazoonekana hazina neno. Ofisi inayotoa ushauri wa bure mchana wa Ijumaa tu, saa ya swala, inaweza kuwa inawabagua Waislamu bila kukusudia. Sheria huuita huo ubaguzi usio wa moja kwa moja, na utetezi wake ni kuonyesha lengo halali na njia isiyopita kiasi. “Ndivyo tulivyozoea” haitoshi. Mteja aliyebaguliwa kwenye huduma kwa kawaida ana miezi 6 ya kufungua madai mahakamani, na wakili anaweza pia kujibu mbele ya wasimamizi wa taaluma.

Tulipokutana tena, mkalimani aliyesajiliwa wa lugha ya alama alikuwepo. Binti alibaki mapokezi na madaftari yake ya shule. Nililirudia lile swali, na mama akajibu kwa karibu dakika 40.