Anayegombea cherehani asijue kwamba anachekesha

SWALI: Shikamoo dada. Nimeandika filamu ya vichekesho kuhusu Kibwana na dada yake Mwanaidi, wanaogombea nyumba ya mama yao huku maiti haijatoka ndani. Nina shilingi milioni 2.5, kamera ya kuazima, na nyumba ya bibi bure kwa wiki moja. Mjomba amesoma skripti akasema ninamdhihaki marehemu. Je, niigeuze iwe ya majonzi? – Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiigeuze. Muulize mjomba kama hajawahi kumwona mtani msibani: anajilaza kaburini, anadai hatoki mpaka apewe hela, anaigiza mwendo wa marehemu, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Wahehe na Wangoni waliuana vitani karne ya 19. Leo ni watani. Hatukuanza jana kucheka penye kifo.

Shida yako nimeiona katika kurasa kumi ulizonitumia. Kibwana anarusha vijembe kama yuko jukwaani. Anajua kwamba anachekesha, basi mimi nimenuna. Halafu nyumba ni kubwa mno: nani asiyegombea nyumba? Mimi na dada yangu tulinuniana miezi minane kwa sababu ya cherehani ya mama, ambayo mkanda wake ulikwisha katika enzi za uhai wake. Siku ya kikao mjomba wetu akauliza, kwa upole kabisa, "Nani kati yenu anajua kushona?" Kimya. Chumba kizima kikaangua kicheko isipokuwa sisi wawili. Cherehani yuko nayo mjomba. Ameweka redio juu yake.

Tafuta cherehani yako. Nyumba iache nyuma ya pazia.

Kisha itazame What Ever Happened to Baby Jane? ya Robert Aldrich, ya mwaka 1962. Wengi huiweka kwenye filamu za kutisha. Mimi huicheka hadi nikaona aibu. Bette Davis na Joan Crawford ni ndugu wawili, waigizaji waliochuja, ndani ya nyumba moja Los Angeles. Bajeti ilikuwa kama dola milioni moja, fedha ndogo kwa Hollywood hata wakati ule. Crawford yuko kwenye kiti cha magurudumu, Davis ndiye anayempelekea chakula. Siku moja Crawford anafunua sinia, anamkuta ndege wake aliyekuwa akimfuga, amekufa. Sinia linalofuata hathubutu kuligusa, njaa inamuuma. Davis anaingia, anafunua: chakula safi. Anakimega mbele yake. (Panya anakuja baadaye.) Angalia kilichotumika hapo: sinia na kifuniko. Kwa bibi yako hakuna kawa?

Kitu kingine. Tunasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Filamu yako inamhitaji jirani asiyekwenda kulima. Kwenye hiyo ya Aldrich ni mfanyakazi wa nyumbani anayejitia kumwokoa mmoja, akaishia kupigwa nyundo. Wewe usiue mtu, damu ya bandia huchafua kuta za watu. Mlete mama wa jirani anayekuja kupatanisha, halafu kila akiondoka kuna sufuria imepungua jikoni. Ndugu hawaoni kwa sababu wako vitani. Sisi tunaona.

Hela. Kibali cha Bodi ya Filamu usikiruke. Waigizaji wasome mistari wiki nzima kabla ya siku ya kwanza, maana mazoezi ni bei ya chai tu. Kinachobaki weka kwenye sauti na wali. Picha yenye giza kidogo tutaisamehe, tutasema ni mtindo. Mstari wa Mwanaidi uliomezwa na bodaboda hausameheki. Nyumba ya bibi kama ni ya bati, omba mvua isinyeshe, na mazungumzo marefu yapange usiku magari yakipungua.

Na friji izimeni mnaporekodi, inavuma. Aliyeizima aweke ufunguo wa pikipiki yake ndani, ili asiweze kuondoka bila kuikumbuka. Mimi niliwahi kuisahau Magomeni. Kilo 4 za nguru wa mwenye nyumba, na hapo ndipo ilipokwenda bajeti ya muziki.