Mdogo wangu alikopa kwa laini yangu, sasa benki imenikataa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, nauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa. Mwezi jana niliomba mkopo benki niongeze marobota mawili, nikaambiwa jina langu liko CRB, kwa watunza kumbukumbu za mikopo. Ripoti ina madeni mawili: sh2,300 nilizokopa kwa simu 2020 nikazisahau, na sh18,000 nisizozijua. Kufuatilia, nikakuta zilikopwa kwa laini niliyomsajilia mdogo wangu kabla hajapata kitambulisho. Mama ananisihi ninyamaze. Kuna kijana Facebook anasema nikimpa sh5,000 ataliosha jina langu kwa siku tatu. Nimpe?*

Marahaba, mwanangu. Usimpe hata shilingi moja.

Ofisi za CRB zenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza kumbukumbu za mikopo hapa Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zinaandika walicholeta wakopeshaji, na haziwezi kufuta deni la kweli kwa sababu mtu ameomba au ametoa pesa. Kijana huyo akishachukua sh5,000 atataka picha ya kitambulisho chako, kisha PIN ya M-Pesa. Hapo utajikuta na deni la tatu.

Lile dogo ni lako, limalize wiki hii. Mlipe mkopeshaji mwenyewe, kwa namba iliyo ndani ya programu yake, si namba uliyotumiwa na mtu. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, na umwombe barua ya kuthibitisha kwamba humdai wala hakudai. Yeye ndiye anayepaswa kuziarifu hizo ofisi. Baada ya wiki chache itisha ripoti tena. Una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka. Utakuta deni limeandikwa kuwa limelipwa, ingawa historia yake itabaki hadi miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Hilo lisikuvunje moyo, kwa kuwa aliyechelewa akalipa haonwi sawa na anayedaiwa mpaka leo.

Cheti cha CRB, kile cha kuonyesha kwamba hudaiwi, usikikimbilie. Wengi hukinunua wakidhani ndicho kinachosafisha jina. Ngoja mpaka benki ikuombe.

Sasa mdogo wako. Hapa ndipo barua yako iliponiuma.

Sheria inakuruhusu kupinga deni lisilo lako. Unaiandikia ofisi ya CRB, nayo inamuuliza mkopeshaji. Akishindwa kuthibitisha, linaondolewa. Lakini ukiandika "deni hili silijui" utakuwa unadanganya, maana aliyelikopa unamjua. Ukisema umeibiwa, polisi watauliza na nani. Basi kabla ya yote, zungumza naye. Usimpigie simu, na msikae mbele ya mama. Chapisha ripoti, muwe wawili tu, umwekee kidole kwenye mstari wenye zile sh18,000 na tarehe yake, na jina lako pale juu. Mwache asome mwenyewe. Kisha umuulize analipa lini. Sh3,000 kwa mwezi ni miezi sita, na wakopeshaji wengi hukubali mpango wa namna hiyo ukiuomba kwa maandishi.

Siku hiyo hiyo nendeni pamoja kwenye duka la kampuni ya simu, laini ihamie jina lake, maana kitambulisho anacho sasa. Nawe bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Usishangae ukikuta nyingine.

Mama naye anaogopa aibu, na simlaumu. Mwambie kwa upole kwamba hutaki mwanawe afungwe, unataka alipe. Mwambie pia kuhusu yale marobota mawili, nguo za kamera, zile za daraja la kwanza, ambazo zingekuwa zimekwisha kuuzwa, na pesa yake ingefika mpaka jikoni kwake.

Mdogo wako akikataa, au miezi miwili ikapita bila kutoa kitu, nenda kituo cha polisi uandikishe, uchukue namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio, uipeleke kwa mkopeshaji na kwa ofisi ya CRB pamoja na malalamiko yako, ukieleza yote kama yalivyokuwa, hata kwamba laini ulimsajilia wewe. Hutakuwa umemsaliti, utakuwa umempa nafasi kwanza.

Ukishakaa naye, niandikie uniambie alijibu nini.